Mota ya Akiba Iliyokaa kwa Nyaruai: Maisha ya Mama Rispah Nelima Wanyonyi, 1955–2025

Mama Rispah alituachia agizo moja kuhusu karatasi hii. Alisema, "Mkisoma maisha yangu, msiruke ule mwaka wa mota. Mkiruka, mtakuwa mmezika mtu mwingine." Tulijaribu kumwambia kwamba mazishi si mahali pa habari hiyo. Alirudia agizo lile lile. Kwa hiyo tutasoma kuzaliwa kwake, masomo, kazi na ndoa kama desturi ilivyo, na ule mwaka tutausoma pia, kwa sababu kuna neno moja alilolitafuta tangu wakati huo kutoka kwa mtu mmoja, na alifariki kabla hajalipata.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 karibu na soko la Kamukuywa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Khaemba na marehemu Mama Nekesa. Aliitwa Nelima kwa sababu alizaliwa wakati wa kulima. Babake alikuwa na ng'ombe wengi, ila mgeni aliyefika pale nyumbani hangeona hata nusu yao. Baadhi walikaa kwa rafiki huko Kimilili, wengine kwa shemeji Sirisia, na katika zizi la Mzee mwenyewe walilala ng'ombe wa watu wengine. Mzee aliwaeleza watoto kwamba ugonjwa ukiingia zizi moja, hautamaliza mali yote ya mtu.

Rispah, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule, alimuuliza, "Na ukiingia mazizi yote siku moja?"

Mzee alicheka, akamtuma akachote maji. Mama aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na sisi watoto tulicheka kila mara. Mwaka huu alipoisimulia hakuna aliyecheka.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia 1962, kisha shule ya upili ya wasichana alikomaliza kidato cha nne mwaka 1973. Alipenda hesabu na alichukia kushona. Mwaka 1974 alienda Kisumu kusomea uhazili, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa karani katika ghala la nafaka mjini Kitale. Waliofanya kazi naye walisema alikuwa akijua kwa kunusa tu kama mahindi yamekauka, na kwamba hakuna mkulima aliyewahi kumdanganya mara mbili.

Mwaka 1978 aliletewa karani mwenzake wa kukaa naye meza moja, Bi. Nyaruai Kagwe, binti wa familia iliyotoka Nyeri na kufanya makao Saboti. Siku ya kwanza hawakusemezana. Siku ya pili Nyaruai alifungua chakula chake, mahindi na maharagwe, Mama akachungulia.

"Hiyo ni githeri ya jana?"

"Ni ya juzi. Na hiyo yako ni ugali ama ni tofali?"

Tangu siku hiyo walikula pamoja. Nyaruai alimwita Nelima, jina ambalo hata baba yetu hakulitumia. Akikasirika tu ndipo alimwita Mama Phelista, na Mama alijua ameharibu.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mwalimu Festus Wanyonyi wa Chwele, katika kanisa hili hili ambalo limetuletea viti leo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Phelista, Derrick na Sellah. Baba alikuwa mtu mpole aliyependa redio, na Mama alikuwa mtu wa kuzima redio ili asikilize mashine. Waliishi pamoja hadi Baba alipofariki tarehe 3 Juni 2009. Baada ya hapo Mama aliiacha redio iwake siku nzima.

Ghala la nafaka lilipopunguza wafanyakazi katikati ya miaka ya tisini, Mama na Nyaruai walitoka pamoja, kila mmoja na malipo yake ya kuachishwa kazi. Mama alifungua kinu cha unga hapa Bungoma, pale Kanduyi, mwaka 1996. Nyaruai alifungua chake Kitale mwaka uliofuata. Walikuwa marafiki, na walikuwa washindani wa kweli. Mama akisikia pakiti za Nyaruai zimeonekana dukani Webuye, upande wetu, siku hiyo hiyo alipeleka za kwake Kiminini, upande wa Nyaruai. Jumapili walipigiana simu na kutukanana vizuri, kisha wakaulizana habari za watoto.

Jambo lililowaleta pamoja kibiashara ni kuharibika kwa mashine. Mwaka 2012 mota ya kinu cha Mama iliungua, na ile mpya ilichelewa bandarini hadi msimu ukaisha. Wakati huo huo alijua kwamba Nyaruai anayo gia ya akiba inayokusanya vumbi, na kwamba Bw. Kimaiyo, mwenye kinu cha tatu kule kunakoitwa Kwanza, ana shafti ya akiba ambayo hajaigusa tangu ainunue. Kila kampuni ilikuwa imefungia pesa zake stoo ikiogopa siku moja mbaya, na siku ile mbaya ilipofika, kilichokuwa stoo hakikuwa kile kilichoharibika.

Mama aliwaita wote wawili kwa chai mjini Kiminini. Alipendekeza wanunue spea moja moja kwa ajili ya vinu vyote vitatu na kugawana gharama. Kimaiyo hakupendezwa.

"Sasa nilipie mota inayolala?"

"Bima ya lori si unalipa?" Mama akamuuliza. "Unaomba Mungu upate ajali ndiyo uone faida?"

"Bima haikai kwa mshindani wangu, Mama."

"Hii itakaa. Na ya kwake itakaa kwako."

Huo ndio uliokuwa mpango wake, nao ulitoka moja kwa moja kwenye mazizi ya Mzee Khaemba. Hawakujenga stoo ya pamoja. Kila kampuni iliwekewa spea ambayo wengine ndio waliihitaji zaidi. Kinu cha Mama kilikuwa na tabia ya kuchoma mota, basi mota ikakaa kwa Nyaruai. Nyaruai alisumbuliwa na gia, basi gia ikakaa Kwanza. Shafti ya Kimaiyo ikaja Kanduyi. Kununua waligawana sawa, na aliyetumia kifaa alilazimika kurudisha kingine kipya. Juu ya hayo kulikuwa na sharti moja la mdomo ambalo Mama alipenda kulirudia: ukiombwa unatoa, maswali baadaye.

Shida ilikuwa kwamba mashine zao hazikufanana, na mota moja haingeweza kuingia katika vinu vyote vitatu. Mama aliwashawishi wabadilishe. Mwaka 2014 walinunua mota nne za aina moja, siku moja, kutoka kwa muuzaji mmoja Nairobi: tatu za kufanya kazi na moja ya akiba. Kwa kununua pamoja walipunguziwa bei, na Mama aliporudi alikuwa na furaha kama bibi harusi. Derrick anamkumbuka akisema, "Sasa sisi ni kama nyumba moja yenye milango mitatu."

Kwa miaka minane mpango huo ulifanya kazi vizuri kuliko hata yeye alivyotarajia. Shafti ya Kimaiyo ilipokatika siku ya mkesha wa Krismasi, Mama alimpelekea mwenyewe kwa pikapu hadi Kwanza, na Kimaiyo alimlipa kwa kumpa bata mzinga aliyemkimbiza Sellah uwanja mzima. Kwa namna hiyo kampuni tatu ndogo ziliendelea kusaga wakati kampuni kubwa kuliko wao zilisimama zikingoja spea. Wenzake wa kanisani wanajua jinsi alivyojivunia jambo hilo. Alikuwa na haki ya kujivunia.

Sasa tunafika mwaka alioutaja.

Ilikuwa Julai 2022. Mahindi ya shambani yalikuwa bado mabichi, ya ghalani yameisha, na unga ulikuwa unatafutwa kila duka. Vinu vyote vitatu vilisaga mchana na usiku. Tarehe 5 Julai mota ya Kanduyi iliungua. Mama aliendesha hadi Kitale, na Nyaruai hakumuuliza chochote. Alifungua stoo, akaita vijana wa kubeba, na kwa kuwa walikuwa wachache yeye mwenyewe alishika upande mmoja, akaipandisha ile mota kwenye pikapu.

"Chukua, Nelima. Si ni yako pia," alisema, akafuta mikono kwenye leso.

Wiki hiyo hiyo, siku ya Ijumaa, mota ya Nyaruai ikaungua.

Fundi aliyezifungua zote mbili alionyesha kwamba zimekufa ugonjwa mmoja, mahali pamoja. Zilitengenezwa pamoja, zikanunuliwa pamoja, zikachoka pamoja. Walikuwa wamepanga kila kitu kwa kuamini kwamba vinu vitatu haviwezi kuharibika kwa wakati mmoja, na Mama ndiye aliyevifanya kuwa kinu kimoja. Hilo ndilo kosa alilojihesabia kwanza. Alisema hakumwibia mtu wala kumdanganya mtu; alifanya hesabu nzuri na kusahau swali alilouliza akiwa mtoto.

Nyaruai alipiga simu. Mama alimwambia, kwa upole, kwamba aliyeomba kwanza ndiye mwenye zamu, na kwamba mota imeshafungwa na shule tatu zinangoja unga. Nyaruai alijibu, "Najua. Nimekupigia tu kukwambia." Mafundi wa kufunga waya mpya katika mota zilizoungua walikuwa wamejaa kazi. Mota mpya ilikuwa ya kungoja meli. Kimaiyo, ambaye mota yake ilikuwa bado inazunguka kwa kuhurumiwa, aliogopa hata kuizima usiku.

Lakini kulikuwa na njia nyingine, na Mama aliiona. Kinu cha Kanduyi kingeweza kumwachia Nyaruai zamu ya usiku, kikamsagia mahindi yake, kikayafunga katika pakiti zake, na lori lake likayapeleka Kitale. Aliiona njia hiyo siku ile ile ya simu. Alinyamaza. Alitueleza sababu bila kuipamba: pakiti za Nyaruai zingetoka mlangoni kwake, watu wa Bungoma wangeziona na kuzizoea, naye alikuwa amepigania wateja hao tangu 1996. Alijiambia ataliwaza jambo hilo wiki ijayo. Wiki iliyofuata maduka ya Kitale yalianza kupiga simu Kanduyi yenyewe, yakitaka unga wa Mama, na yeye akayauzia.

Msimu ule ulikuwa bora kuliko misimu yote aliyowahi kuipata. Nyumba ambayo leo mmeketi kivulini mwake ilimalizwa paa na unga ule. Harusi ya Sellah ililipiwa na unga ule. Sisi watoto tulikula, tukavaa, tukampongeza Mama kwa kazi nzuri, na hakuna aliyeuliza kwa nini hapokei pongezi. Wateja wake wakiwa wamehama, kinu cha Nyaruai kilifungwa Februari 2023, na mashine zake zikauzwa. Wafanyakazi wake walitawanyika. Nyaruai alirudi Saboti kulima viazi na kabichi.

Mama hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Alinunua mota mpya kwa pesa zake, na Machi 2024 akaipeleka Saboti. Phelista ndiye aliyemwendesha siku hiyo, na anakumbuka mazungumzo yote.

"Hii ni nini tena?" Nyaruai aliuliza.

"Ni mota ya akiba. Mahali pake ni kwako."

"Nelima, mimi sina kinu. Unataka niisagie kabichi?"

"Ikae tu."

"Haya, ikae. Lakini kuku wangu watataga juu yake, nakwambia mapema."

Na baadaye kweli walitaga. Siku hiyo, wakati wa kuondoka, Nyaruai alimpa mayai, akisema kwa utani kwamba hayo ndiyo faida ya kwanza ya ile mota. Mama hakucheka. Alisimama kando ya gari, akamweleza yote: habari ya usiku, habari ya pakiti, jinsi alivyoiona njia na kunyamaza. Kisha akasema, "Nisamehe."

Nyaruai alimfungulia mlango wa gari. "Kwani ungeniomba mimi usiku wa mashine yangu, ningekupa? Wacha mchezo. Ningekuambia mota imepata moto. Hujanikosea, na mimi siwezi kusamehe kitu ambacho hakipo."

"Kipo."

"Hakipo, Mama Phelista. Panda gari, giza linaingia."

Njia yote kutoka Saboti hadi Kamukuywa Mama alipakata yale mayai. Tulipofika karibu na kwao alisema, "Heri angenitukana."

Mwishoni mwa 2024 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari wa Bungoma, na baadaye wa Eldoret, walikuta moyo umedhoofika. Alilazwa mara kadhaa, akarudi, akalazwa tena. Tunawashukuru wote waliomuuguza, hasa wauguzi aliowasumbua kwa kuwauliza kama mashine ya oksijeni ina ya akiba, na ya akiba inakaa wapi. Mnamo Agosti mwaka huu aliomba Nyaruai aitwe. Alikuja na chupa ya uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akamsimulia jinsi Kimaiyo siku hizi amekuwa mnene hata mlango wa pikapu unamkataa. Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba tena lile neno.

Nyaruai aliweka kijiko chini. "Nelima, tuko wazee. Nikisema nimekusamehe, nitakuwa nimekubali kwamba ulikuwa mtu mbaya. Sikubali. Hiyo siwezi kukupa hata ukiwa mgonjwa."

Alisema hivyo kwa upendo, na sisi tuliosimama pale tulimuunga mkono. Tulimwambia Mama aache kujitesa, kwamba mwenye kukosewa mwenyewe amesema hakuna kosa. Tulidhani tunamfariji. Leo tunaona kwamba kila tulipomwambia hana hatia, tulimwacha peke yake nayo. Kitu alichokibeba hakuna aliyekubali kukitazama pamoja naye.

Alirudi nyumbani hapa Chwele kwa ombi lake. Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, asubuhi, alikunywa chai nusu kikombe, akamuuliza Derrick kama Kanduyi wamewasha mashine, akaambiwa ndiyo, akafunga macho kama mtu anayesikiliza. Hakuyafungua tena. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Tulipokuwa tukiandaa karatasi hii, Phelista alimpigia Bi. Nyaruai simu kumuuliza kama ataudhika habari yake ikisomwa mbele ya watu. Alimwambia achukue kalamu kwanza. Kisha akasema maneno haya, na ametupa ruhusa tuyachapishe:

"Soma yote. Na uandike hivi. Sharti letu lilikuwa ukiombwa unatoa, maswali baadaye. Yeye alikuja kwangu akaomba kitu ambacho ni mimi tu nilikuwa nacho, na mimi nikaanza na maswali. Mara mbili. Nilikuwa nacho stoo, mwanangu, na nikamwacha amesimama mlangoni."

Ameomba awe wa kwanza kutia udongo baada ya familia, na kabla ya kuutia aseme neno moja. Ametuambia kwamba hata sasa haamini kuna kosa, lakini neno hilo atalisema bila kuuliza. Tunawaomba waombolezaji mnyamaze wakati huo, kwa sababu sauti yake si kubwa na angependa Mama asikie. Bw. Kimaiyo amezima mashine za Kwanza tangu asubuhi, na za Kanduyi zimezimwa pia.

Mama Rispah Nelima ameacha watoto watatu, Phelista, Derrick na Sellah; wakwe wawili; wajukuu saba; dada mmoja na kaka wawili; kampuni mbili ambazo bado zinawekeana spea, siku hizi kutoka kwa wauzaji tofauti; na mota moja mpya Saboti, haijawahi kuwashwa, ambayo Bi. Nyaruai ameahidi kuifukuzia kuku na kuitunza hadi atakapotokea wa kuiomba. Mama alituagiza tumtaje pia mtu mmoja zaidi kati ya aliowaacha, ikiwa mwenyewe atakubali kuhesabiwa. Tulimuuliza, na amekubali: ameacha rafiki yake, Nyaruai.

Apumzike Mama yetu, na amani aliyoiomba mlangoni kwa mwenzake imfikie leo.